Kabla hujanunua sofa la mapokezi, kakalie kwanza kile kiti ambacho kila mtu anakikwepa

Mtu mpya akianza kazi Jumatatu, mnamkalisha wapi? Hicho kiti kilichokujia kichwani sahivi, kile cha chini ya AC inayodondosha maji, au cha ubavuni mwa mlango wa choo, au kile kinachopigwa na jua la saa tisa, ndo ninachotaka tuanze nacho, maana watu wengi wakiambiwa watengeneze ofisi inayojali wafanyakazi wanakimbilia mapokezi, wananunua sofa, wanabandika maneno ya Kiingereza ukutani, wanaweka maua ya plastiki, alafu yule dogo wa kwenye kona anaendelea kuumwa kichwa kila mchana na anaambiwa anywe maji mengi.

Mimi nilishakuwa huyo dogo. Kampuni sitaitaja, tulikuwa ghorofa ya tatu hapahapa Dar, ukuta mzima kioo unatazama magharibi na meza yangu imegusana na kioo. Asubuhi raha tu, ila ikifika saa nane na nusu nilikuwa nafungua mwavuli. Sitanii, mwavuli ndani ya ofisi, wenzangu wakapiga picha wakacheka. Na upande wa pili wa chumba hichohicho kulikuwa na dada amekaa chini ya AC kavaa sweta na kajitanda khanga juu yake, kwa hiyo mimi na yeye tulikuwa tunagombania rimoti moja kila siku ya Mungu. Miaka ikapita, nikaingia utawala, nikawa mimi ndo natumwa kutafuta na kupanga ofisi. Mimi sio msanifu majengo, niwe mkweli. Nimepanga nne mpaka sasa, za watu kumi hadi arobaini, na ninachoandika hapa ni kilichokubali na kilichonitia hasara.

Cha kwanza hakina gharama yoyote. Chukua kazi zako, kakae kwenye kila kiti walau saa moja, sio kupita na kuangalia, kukaa na kufanya kazi. Ukipata nafasi ya mara mbili ni vizuri zaidi, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, maana ofisi ya asubuhi na ya alasiri ni ofisi mbili tofauti kabisa. Chora ramani ya hovyohovyo kwenye karatasi, andika hapa joto, hapa kelele, hapa skrini inang'aa sioni kitu, hapa watu wanapita nyuma yangu kila dakika mbili. Alafu ongea na dada wa usafi. Huyo anajua kuliko HR, anajua dastibini ya nani inajaa vikaratasi vya Panadol, nani anakula mezani kwake peke yake, taa gani imekufa tangu Ramadhani. Usiulize kwenye kikao, kwenye kikao kila mtu atasema "pako vizuri tu bosi".

Sasa ile ramani ndo inakupa mpangilio wa matumizi, uanze na nini ufuate na nini. Sheria yangu ni kwamba hela ya kwanza inaenda kwenye kiti kibaya kuliko vyote mpaka kiache kuwa kibaya, ndo unahamia kinachofuata. Ukifika mahali mgeni akija anaweza kukaa popote na hamna anayemwonea huruma, hapo kanunue sofa.

Joto, jua na hewa

Hapa ndo nitakaa muda mrefu kwa sababu pwani yetu matatizo mengi ya ofisi yanaanzia hapa hata yale yanayoonekana ni ya tabia. Watu wakigombana saa tisa angalia kwanza kipimajoto.

Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linakuwa juu sana karibu mwaka mzima, linaelemea kaskazini mwezi wa sita na kusini kidogo mwezi wa kumi na mbili. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini ni rahisi kuzikinga, kibaraza cha kawaida au bati lililotokeza kinatosha. Shida ni mashariki na magharibi, hasa magharibi, maana jua linakuja limelala, linapita chini ya kibaraza linakuingia usoni, na linakuja wakati jengo lenyewe limeshachemka toka asubuhi. Ukiwa unatafuta ofisi ya kupanga, nenda kaione saa tisa alasiri. Dalali atakwambia twende asubuhi kuna foleni, mwambie hapana, saa tisa.

Kama mmeshaingia na dirisha ni la magharibi, kumbuka hii: zuia jua likiwa nje ya kioo. Pazia la ndani linasaidia macho lakini joto limeshaingia, linabaki humohumo kati ya pazia na wewe. Nje unaweza kuweka mapazia ya mianzi, turubai la kushusha na kupandisha, mbao za kusimama wima kama mbavu (zile za kulala hazifanyi kazi sana magharibi, jua linapita kati yake), au matofali ya matundu kama yale ya majengo ya zamani pale mjini ambayo watu wanayaziba siku hizi eti yamepitwa na wakati. Mwenye nyumba akikataa kugusa nje basi bandika tinti kama ya gari, haifikii kinga ya nje ila nafuu ipo. Na kama hata hiyo hairuhusiwi, usiweke mtu hapo. Weka makabati ya mafaili, weka njia ya kupita, weka printa. Faili haliumwi kichwa.

Wazee wetu hili walilijua bila AC. Nyumba za Mji Mkongwe na Lamu zina kuta nene za mawe ya matumbawe, vichochoro vyembamba vinavyojipa kivuli vyenyewe, ua katikati wa kutolea joto juu. Na hata majengo ya juzijuzi, angalia lile soko la Kariakoo alilochora Beda Amuli miaka ya 70, lile paa lake la zege kama miavuli mikubwa, kivuli juu, pembeni wazi hewa inakatiza. Harare kuna jengo linaitwa Eastgate la mwaka 1996, msanifu wake Mick Pearce aliiga kichuguu cha mchwa, jengo linapumua usiku linatoa joto na limeendeshwa bila AC ya kawaida. Sisemi ofisi yako ya kupanga pale Sinza uigeuze kichuguu, nasema tu kununua AC nyingine isiwe wazo la kwanza.

Kuhusu AC yenyewe kuna kitu watu hawakijui na mimi sikukijua mpaka nilipoambiwa na fundi: hizi AC za ukutani hazileti hewa mpya. Zinachukua hewa ya humohumo ndani zinaipoza zinairudisha. Kwa hiyo mkifunga madirisha saa mbili asubuhi watu kumi na wawili mkakaa mpaka saa nane, mnapumuliana. Hewa ya nje ina kaboni daioksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, kama sehemu 420 kwa kila milioni, ndani wataalamu wengi wanapenda ibaki chini ya 1,000, na chumba cha mikutano kilichofungwa kinaipita hiyo bila shida. Ule usingizi wa kwenye kikao mnaomlaumu mama lishe na wali wake, hewa nayo imo. Kuna vifaa vidogo vya kupimia, ila pua inatosha, toka nje dakika tano urudi, ukifungua mlango ukakutana na kaharufu ka watu, fungua madirisha.

Na ufungue mawili, la kuingilia na la kutokea, moja peke yake halina kazi kubwa. Huku upepo wetu unajulikana, kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi hivi, kusi kuanzia Aprili na kuendelea, zote mbili zina upande wa baharini ndani yake, kwa hiyo dirisha la mashariki ni mali. Sasa angalia tunachofanya: tunang'oa madirisha ya luva tunaweka aluminiamu ya kusukuma ambayo hata ukiifungua yote unapata nusu tu, nusu nyingine kioo kimejificha nyuma ya mwenzake. Luva mbaya kwa vumbi na wezi, nakubali, lakini kwa hewa ilikuwa bora mara mbili. Ukiwa na uwezo wa kuchagua, weka ya aluminiamu ya kufunguka kama mlango, na wavu wa mbu.

Alafu pangaboi. Jamani pangaboi limedharauliwa sana. Linakula umeme kama wati 70 wakati AC ya HP moja na nusu inavuta elfu moja na zaidi, na upepo ukipita kwenye ngozi unahisi kama joto limeshuka nyuzi mbili tatu hivi. Mimi nafanya hivi, AC naiweka 25 au 26, sio 18, na pangaboi juu linazunguka polepole, hapo yule wa sweta anaacha sweta na yule wa mwavuli anapumua, na LUKU inakaa mpaka mwisho wa wiki. AC usiielekeze kwenye shingo ya mtu, ielekeze kwenye njia ya kupita. Na kosa langu la hasara: nilifunga mapangaboi chini ya taa. Panga likizunguka linakata mwanga, kivuli kinapepesa kwenye meza tap tap tap siku nzima, wiki haijaisha watu watatu wanalalamika kichwa, ikabidi niite fundi umeme tena ahamishe taa zote. Taa zikae pembeni ya panga au chini kuliko panga.

Jambo lingine ni dari. Jipsamu imekuwa ugonjwa, kila mtu anashusha dari aweke taa za kujificha. Piga hesabu: chumba cha mita 6 kwa 5 chenye dari ya mita 3 kina mita za ujazo 90. Sheria ya Kenya ya usalama na afya kazini ya 2007 inataka mita za ujazo 10 kwa kila mtu, kwa hiyo hapo wanakaa tisa. Shusha dari mpaka 2.6 kwa ajili ya urembo, zinabaki 78, wamebaki saba. Umelipa fundi akuondolee watu wawili. Na pangaboi nalo huwezi kulifunga tena, litamkata mtu akinyoosha mkono.

Kelele

Ilikuja hii fasheni ya kuvunja kuta zote, ofisi wazi, eti watu watashirikiana. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Harvard, Bernstein na Turban, walifuatilia kampuni kubwa za Marekani kabla na baada ya kuvunja kuta, wakakuta mazungumzo ya ana kwa ana yamepungua kwa kama asilimia 70, watu wakahamia kwenye imeli na meseji. Ukifikiria ni kawaida tu, mtu akionwa na wote siku nzima anavaa hedfoni anajifanya hayupo.

Kinachosumbua sio kelele zote. Jenereta la jirani unalizoea, feni unaizoea, hata spika za machinga wa nje "buku buku buku" zinageuka kama mvua. Usichozoea ni mtu anayeongea maneno unayoyaelewa mita mbili kutoka kwako, ubongo unamfuata utake usitake, hasa akiwa anaongea na simu maana unasikia upande mmoja na unatafuta mwingine. Kwa hiyo tenganisha watu kwa kazi sio kwa cheo. Mauzo na huduma kwa wateja, wanaoshinda kwenye simu, waweke karibu na barabara, kelele zao na za barabara zijuane. Mhasibu na anayeandika ripoti waende mbali, karibu na stoo. Nimeona ofisi mhasibu amekaa mapokezi kwa sababu "ndo anapokea hela", maskini ya Mungu anajumlisha huku anajibu "karibu, ndiyo, bosi hayupo".

Tenga kachumba kamoja, hata kama ni stoo ya mita mbili kwa mbili, kawe ka simu na maongezi ya siri. Kasiwe na nafasi ya kuhifadhia mabango ya maonyesho, maana kakianza kupokea mabango kamekufa.

Kuta za zege na marumaru chini zinapiga mwangwi, na hapa kuna uongo wa kuusahihisha, trei za mayai hazizuii kelele. Hazifanyi chochote cha maana zaidi ya kukaribisha mende. Kinachofanya kazi ni vitu vizito vyenye nyuzi, mapazia mazito, zulia, kabati lililojaa mafaili na vitabu, au fremu za mbao ukutani zilizojazwa sufi ya mwamba (rockwool, nyuzi zinazotengenezwa kwa mawe) na kufunikwa kitenge, fundi seremala wa kawaida anatengeneza na zinapendeza kuliko zile picha za mlima Kilimanjaro. Sponji la godoro usitumie, linashika moto vibaya na moshi wake ni sumu. Na ujue pia kwamba hivi vyote vinapunguza mwangwi ndani ya chumba, haviizuii sauti kupita ukuta wa mbao nyembamba. Kama chumba cha bosi kimegawanywa kwa ubao, wote nje wanasikia mshahara wa nani unajadiliwa.

Mwanga na dirisha

Skrini isitazamane na dirisha na isilipe mgongo. Dirisha likae ubavuni. Ukifanya hilo tu umemaliza nusu ya malalamiko ya macho na hujatoa shilingi. Kwenye kusoma karatasi viwango vingi vinataka mwanga wa lux 500 mezani (lux ni kipimo cha mwanga), simu yako inaweza kukupimia kwa makadirio, lakini badala ya kuongeza taa juu mpaka ofisi iwe kama duka la simu, wape wanaosoma makaratasi taa ndogo za mezani. Bora balbu zenye mwanga usio wa bluu sana.

Sasa dirisha lenyewe, nani alipate? Kuna utafiti wa Roger Ulrich wa 1984 hospitali moja huko Pennsylvania, alilinganisha wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa nyongo, jozi 23, wengine dirisha linaona miti wengine linaona ukuta wa matofali. Walioona miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Wagonjwa sio wahasibu, najua, ila tangu nisome hilo kama kuna mwarobaini au mwembe nje naanza kupanga meza kutokea hapo. Na kawaida yetu huo mwembe anapewa bosi, ambaye wiki nzima yuko Dodoma, pazia limefungwa. Ofisi moja nilimshawishi mkurugenzi chumba chake kihamie katikati, upande wenye dirisha wakae watu wanaoshinda pale saa tisa kwa siku. Alinuna mwezi mzima. Baadaye yeye mwenyewe akawa anatoka kuja kukaa upande ule na laptopu yake, nikamwambia mzee, hapo ni pa watu.

Kiti na meza

Hapa haraka kwa sababu imeandikwa sana. Miguu ifike chini, goti na kiwiko vikae kama pembe ya mraba hivi, ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa. Laptopu ipandishe juu ya rimu mbili za karatasi na ununue kibodi ya pembeni, ni kitu cha bei ndogo kuliko shingo. Meza iwe sentimita 72 mpaka 75. Ukiagiza kwa mafundi wa Keko andika hiyo namba kwenye karatasi na uende na futi yako mwenyewe, maana fundi ana kipimo chake cha meza ya chakula na atakitumia huku anakwambia "hii ndo saizi ya ofisi mkuu". Ikizidi, mtu mfupi ananing'inia, mtengenezee kistuli cha miguu.

Viti vile vikubwa vyeusi vya bosi vya ngozi ya plastiki, kwa joto letu hapana, mgongo unaloa saa tano asubuhi. Nunua vya wavu, na kabla hujalipa kalia, pandisha shusha mara kumi uone kama gesi inashika. Bora viti kumi vizuri na meza za kawaida kuliko kinyume chake.

Maua

Weka, yanapendeza na macho yanapumzika. Ila msidanganyane kwamba yanasafisha hewa. Ule utafiti wa NASA wa 1989 unaosambazwa kila mahali ulifanyika kwenye maboksi yaliyofungwa, na watu waliopitia tafiti hizo mwaka 2019 walionyesha kwamba ili yafikie kazi ya dirisha lililofunguliwa ungehitaji msitu ndani ya chumba. Fungua dirisha. Na visahani vya chini ya vyungu viangalie, mbu wa dengi anauma mchana na anazaliana kwenye maji kidogo tu yaliyotuama, Dar tumeshapata milipuko 2014 na 2019, sasa fikiria ofisi inayojali afya inafuga dengi mapokezi. Jaza mchanga kwenye visahani, au panda ile mimea ya majani yaliyosimama kama mikuki inayotaka maji mara moja kwa wiki mbili, ambayo hata mkienda likizo ya Idi mtaikuta.

Vyumba ambavyo havipo kwenye ramani ya msanifu

Hapa ndo utajua ofisi inajali au inaigiza, maana havipigwi picha.

Choo. Kwa wanawake kiwe na kitasa kinachofunga kweli, maji, sabuni, ndoo yenye mfuniko, ndoano ya kutundika pochi, na rafu yenye pedi mbili tatu za dharura. Ndoano inauzwa bei ya soda, sijui kwanini inakosekana kila mahali, mtu anashika pochi kwa meno. Na mlango wa choo usifungukie kwenye meza ya mtu, kama jengo limeshakosea hivyo weka kabati refu katikati.

Mama anayenyonyesha. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa masaa yasiyozidi mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Saa zipo kwenye karatasi, swali ni anakwenda wapi? Kenya sheria yao ya afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge sehemu kabisa. Kachumba kanachofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, soketi ya mashine ya kukamulia, kifriji kidogo, sinki karibu. Choo hakihesabiki, wewe hungekunywa chai yako chooni. Kile kachumba ka simu kanaweza kufanya kazi zote mbili kama kuna kibao mlangoni cha "kinatumika" na pazia kwenye kioo.

Sehemu ya kuswalia. Kwenye ofisi nyingi watu wanaswali stoo kati ya maboksi, au wanatoka na kuchelewa kurudi. Mita mbili kwa mbili safi, mkeka, na bomba la chini la kutawadhia ili mtu asipandishe mguu kwenye sinki la vikombe kisha wenzake wakanuna. Kwa bahati Dar kibla ni karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo kupanga ni rahisi. Wasioswali wanaitumia pia, nimekuta mlokole anaomba humo saa sita, nimekuta na mtu analala dakika kumi, sikumwamsha.

Na sehemu ya kula. Sheria hiyohiyo ya 2004 inataka mapumziko ya walau dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano, sasa kama hamna pa kwenda atayatumia mezani kwake anakula huku anajibu imeli, na ubuyu utaingia kwenye kibodi. Weka meza moja ndefu badala ya vimeza vidogo vinne, kwenye meza ndefu dereva anakaa na meneja bila mtu kupanga. Iwe mbali na wanaofanya kazi, yenye dirisha lake, kwa sababu mtu mmoja akipasha dagaa kwenye maikrowevu ghorofa nzima imekula dagaa. Kama kuna ka veranda hata ka mita moja na nusu, jenga benchi la saruji kwenye ukuta, baraza kama za kwetu pwani. Niliwahi kujenga moja kwa mifuko michache ya saruji na chokaa, ndo sehemu iliyotumika kuliko chumba cha mikutano chenye skrini kubwa. Kahawa, kashata, na maamuzi mengi ya ofisi yalikuwa yanatokea pale.

Pia nisisahau, upana wa mlango uwe sentimita 90 na kama kuna ngazi mbili za kuingilia weka mteremko, kila sentimita moja ya kimo ipe sentimita 12 za urefu. Ni sawa kama hamna mwenye kiti cha magurudumu leo, kuna mjamzito, kuna aliyevunjika mguu kwa bodaboda, kuna dada wa usafi na ndoo yake. Na nondo za madirisha, walau moja kila chumba ifunguke kwa ndani ili watu watoke moto ukiwaka, na ufunguo ukae hapo, sio kwenye droo ya mlinzi.

Nyaya ziende ukutani au chini ya meza kwenye bomba, ekstensheni moja isibebe ekstensheni nyingine, hapo sina la zaidi.

Ukishamaliza

Subiri miezi mitatu, usiguse kitu. Alafu rudia lile zoezi la kukaa, ila safari hii kabla hujakaa angalia watu wamebadilisha nini wenyewe. Aliyebandika boksi kwenye tundu la AC, aliyegeuza meza, aliyeleta mto kutoka nyumbani, aliyeweka khanga dirishani. Kila kimoja ni barua kwako. Ofisi ya mwisho niliyopanga nilidhani nimemaliza kila kitu, nikarudi nikakuta yule mdogo kuliko wote ameegesha kabati la mafaili nyuma ya kiti chake kwa sababu mlango ukifunguliwa alikuwa anashtuka kila saa, jambo ambalo mimi nilipokaa pale sikuliona maana nilikaa Jumamosi na hamna aliyekuwa anaingia. Nikaliacha kabati palepale, nikamwita fundi alifunge ukutani lisimwangukie.